Kujua kama safu ya hiari imeletwa au haikuletwa katika funksheni ya Python

Msomaji mmoja wa Likoni ameandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Ninaandika funksheni ya Python ya kukokotoa wastani wa kimo cha maji ya Kilindini kutokana na vipimo 25 vya kila saa. Hoja ya pili, niliyoiita uzito, ni ya hiari: isipoletwa, nataka vipimo vyote vihesabiwe sawa. Niliandika `if uzito == None`. Nikiita funksheni bila uzito inafanya kazi, nikiipa orodha ya kawaida inafanya kazi, lakini nikiipa safu ya NumPy inasimama na kutoa ValueError. Mwenzangu alinishauri niandike `if not uzito`, na kosa likabaki lile lile. Mwingine ameniambia niuzungushie mstari huo try na except, nisonge mbele. Njia sahihi ni ipi, na kwa nini ile yangu inaikubali orodha na kuikataa safu?"

Marahaba, mwanangu. Njia sahihi ni mstari mmoja, `if uzito is None:`, na ukiubadilisha huo peke yake funksheni yako itafanya kazi leo hii. Hata hivyo umeuliza pia kwa nini, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu jirani na kosa lako ipo mitego mingine ambayo haisimamishi programu wala haitoi onyo, bali hutoa wastani usio wa kweli ambao mtu anaweza kuuchapisha katika ripoti bila kujua.

Alama ya `==` haiulizi kama vitu viwili ni kitu kimoja. Inauliza kama vinalingana, na Python huiachia kila aina ya kitu uhuru wa kujibu swali hilo kwa namna yake. Orodha ya kawaida ikiulizwa kama inalingana na None, ambayo ni alama ya Python ya kwamba hakuna kitu, hujibu kwa neno moja tu, kwamba hailingani, na `if` inaridhika. Safu ya NumPy, ile maktaba ya hesabu ya Python, imeundwa kwa kazi nyingine: kila swali inaloulizwa hulipeleka kwa kila elementi iliyomo ndani yake, na hiyo ndiyo sababu unaweza kuandika `kimo > 6` ukapata majibu 25 kwa mpigo, jambo ambalo bila shaka unalitegemea kila siku. Kwa hiyo `uzito == None` haikurudishii jibu bali safu ya majibu 25, yote yakiwa False, na `if` ambayo inataka neno moja inaiomba safu hiyo ijieleze kwa neno moja. Safu inakataa, kwa maelezo kwamba ukweli wa safu yenye zaidi ya elementi moja una utata na kwamba utumie any au all.

Ushauri huo wa any na all ni mzuri mahali pengine, lakini hapa usiufuate. Ukiandika `(uzito == None).all()` utakuwa umeitibu hali ya safu na kuiua hali ya kutoletwa kitu, kwa kuwa hoja isipoletwa ulinganisho huwa ni wa None na None, jibu lake ni True ya kawaida ya Python, na True ya kawaida haina kitu kinachoitwa all. Nimewaona wanafunzi wakizunguka baina ya makosa haya mawili kwa saa nzima, wakirekebisha moja na kulizua jingine.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo, na pengine ndiyo sababu mfano uliousomea ulikuwa na `==`. Zamani NumPy ilipolinganisha safu nzima na None ilirudisha False moja, na misimbo mingi iliandikwa kwa kuitegemea tabia hiyo. Toleo la 1.9, la mwaka 2014, lilianza kutoa onyo kwamba tabia hiyo ingebadilika na kwamba watu watumie `is None`, na toleo la 1.13 la mwaka 2017 likabadilisha kweli. Msimbo wa kabla ya hapo bado unanakiliwa mpaka leo, na unayeunakili unarithi tatizo ambalo mwandishi wake hakuwa nalo.

Sasa tazama `is` inafanya nini. Hiyo haimuulizi yeyote chochote. Inaangalia tu kama majina mawili yanaelekeza kwenye kitu kimoja katika kumbukumbu ya kompyuta. Katika programu ya Python inayokimbia None ni moja tu, haina pacha, na hakuna aina ya kitu, iwe safu, jedwali la pandas au kitu ulichokibuni wewe mwenyewe, inayoweza kuingilia kati na kubadilisha jibu la `is`. Jibu ni neno moja, siku zote. PEP 8, ambao ni mwongozo wa mtindo wa lugha hiyo tangu 2001, unaagiza kwamba None ilinganishwe kwa `is` au `is not` na kamwe isilinganishwe kwa alama ya usawa, na sidhani kwamba katika mwongozo mzima kuna agizo linalookoa muda wa watu wa hesabu kuliko hili.

Ushauri wa mwenzako, `if not uzito`, una hatari kubwa kuliko kosa lako la kwanza. Kosa lako lilipiga kelele, lakini huu mara nyingine hunyamaza. Anayeandika hivyo anauliza kama ndani ya uzito kuna kitu, ilhali wewe ulitaka kujua kama uzito umeletwa. Ukimtuma mtoto Marikiti akarudi na kapu tupu, na siku nyingine akarudi bila kapu, hutasema kwamba siku hizo mbili zimefanana: siku ya kwanza amekuletea habari kwamba sokoni hakukuwa na kitu, na siku ya pili hujui hata kama alifika. Python inayaona maswali hayo mawili kuwa tofauti, na `not` inayachanganya.

Lijaribu jambo hili kwenye kompyuta yako ulione kwa macho. Chukua kipimo kimoja tu, mita 1.5, na uzito wake uwe safu yenye sifuri moja, maana yake kwamba saa hiyo kifaa kilikuwa kikisafishwa na kipimo hakiaminiki (np ni jina fupi la NumPy):

    uzito = np.array([0.0])
    if not uzito:
        print("haukuletwa")

Itachapisha kwamba haukuletwa. Safu yenye elementi moja hairudishi ValueError, kwa sababu haina utata: ukweli wake ni ukweli wa elementi hiyo, na sifuri huhesabiwa kuwa si kweli. Funksheni yako basi itakipa kipimo kisichoaminika uzito kamili na kukurudishia 1.5 kana kwamba ni wastani halali, wala hutaona onyo lolote. Kwa mtu anayefanya kazi ya maji kupwa na kujaa jambo hili ni zito, kwani kwetu sifuri ni kipimo kama vipimo vingine. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, kimo kinaweza kuikaribia sifuri ya ramani ya bahari, na hakuna baharia atakayesema kwamba siku hiyo bahari haikupimwa. Safu tupu nayo ina historia yake: kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa si kweli, kisha ikaanza kutoa onyo, na tangu toleo la 2.2 la Desemba 2024 inatoa kosa kamili, na watu wanaelekezwa waulize `uzito.size > 0` ikiwa kweli wanachotaka kujua ni kama imebeba chochote. Yaani mstari ule ule wa mwenzako una majibu tofauti kwa None, kwa safu ya elementi moja, kwa safu ndefu na kwa safu tupu, na jibu la hiyo ya mwisho linategemea pia mwaka ulioisakinisha NumPy.

Ndugu wa mtego huo ni `uzito = uzito or np.ones(25)`, unaopendwa kwa ufupi wake, na una maradhi yale yale. Vivyo hivyo `uzito in [None, "sawa"]`, kwa kuwa `in` ikishindwa kuitambua safu kwa `is` hurudi kwenye `==` na kukutupa ulipoanzia.

Kuhusu try na except, nakusihi usiende huko. ValueError ni jina la makosa mengi. Safu zisizolingana urefu huitoa, maandishi yaliyoshindwa kugeuzwa namba huitoa, na hata funksheni yako mwenyewe inaweza kuitoa kwa makusudi. Ukiyafunika yote kwa ajili ya swali ambalo `is` inalijibu bila shida, siku data itakapoharibika kweli hutapata habari.

Nina mtego mmoja wa kukuonya kwa kirefu, kwa kuwa mimi mwenyewe ulinikamata. Miaka kadhaa iliyopita nilimfanyia mteja mmoja hesabu za vimo vya maji, na kwa nia njema ya kuzipokea orodha na safu kwa pamoja nilianza funksheni yangu kwa kugeuza kila hoja kuwa safu ya desimali, kisha ndipo nikauliza kama uzito ni None:

    uzito = np.asarray(uzito, dtype=float)
    if uzito is None:
        uzito = np.ones(kimo.shape)

Mstari wa pili ni sahihi kabisa ukisomwa peke yake, na haukufanya kazi hata siku moja. NumPy ikipewa None na kuambiwa aina ni desimali hailalamiki. Huigeuza kuwa nan, yaani thamani isiyo namba, na kukurudishia safu isiyo na upande wowote, yenye nan moja ndani. Safu hiyo si None tena, kwa hiyo `is None` inajibu kwa haki kwamba si yenyewe, kisha nan inazidishwa na vipimo vyote 25 na wastani unatoka nan. Kila siku ambayo haikuletewa uzito ilitoka nan katika jedwali langu, nami nikadhani kwamba ni kifaa kilichoshindwa kupima siku hizo, mpaka mteja aliponiuliza kwa nini kifaa chake kinashindwa siku za maji tulivu na kufanya kazi siku za mawimbi. Siku za mawimbi ndizo nilizokuwa nimeziandalia uzito. Kama ningeacha kuitaja aina ya desimali, NumPy ingetengeneza safu ya vitu yenye None ndani yake, na kuzidisha kungetoa TypeError, ambayo angalau ingeniamsha mapema. Kwa hiyo utaratibu ni huu: uliza kwanza kama ni None, wakati hoja bado iko kama ilivyofika mlangoni, na kugeuza kufuate baadaye.

Huenda ukajiuliza kwa nini tusiiache None kabisa na kuandika thamani yenyewe katika kichwa cha funksheni, `def wastani_wa_kimo(kimo, uzito=np.ones(25))`, ili pasiwe na cha kuuliza. Udhaifu wa kwanza unauona, kwamba urefu umefungwa kwenye 25. Wa pili umejificha. Thamani ya kichwani haitengenezwi upya kila unapoiita funksheni. Hutengenezwa mara moja tu, Python inapousoma mstari wa def, na safu hiyo hiyo hutumika katika miito yote. Tuseme ndani ya funksheni umeweka kinga kwamba kipimo chochote kinachozidi mita 6 kipewe uzito wa sifuri, kwa kuwa hata maji ya bamvua hapa hayafiki huko:

    uzito[kimo > 6] = 0

Jumatatu kipimo cha saa moja asubuhi kinatoka 9.9 kwa hitilafu, nacho kinapewa sifuri, na wastani unakuwa sahihi. Jumanne kipimo cha saa hiyo kiko sawa, lakini sifuri ya Jumatatu ingali mahali pake ndani ya safu ile ile, na kipimo kizuri kinatupwa. Wiki ikiisha umeshatupa saa kadhaa, na ukiwasha programu upya ili uchunguze, kila kitu kinaonekana kimepona, kwa sababu safu imetengenezwa upya. Sijui kosa gumu kulisaka kuliko linalotoweka ukianza kulisaka.

Mstari huo huo una madhara mengine, kwa yule aliyekuletea safu yake. Ukiandika sifuri ndani ya uzito alioleta, umeandika ndani ya mali yake. `np.asarray` ikipewa safu ambayo tayari ni ya desimali huirudisha yenyewe bila kunakili, ilhali `np.array` hunakili isipokatazwa. Mahali unapokusudia kubadilisha, tumia hiyo ya pili.

Nikiyakusanya hayo, funksheni yako ningeiandika hivi:

    import numpy as np

    def wastani_wa_kimo(kimo, *, uzito=None):
        kimo = np.asarray(kimo, dtype=float)
        if uzito is None:
            uzito = np.ones(kimo.shape)
        else:
            uzito = np.array(uzito, dtype=float)
            if uzito.shape != kimo.shape:
                raise ValueError("uzito na kimo havilingani")
        uzito[kimo > 6] = 0
        jumla = uzito.sum()
        if jumla == 0:
            raise ValueError("hakuna kipimo chenye uzito")
        return (kimo * uzito).sum() / jumla

Nyota iliyo katika kichwa inamlazimisha anayeita ataje jina la hoja, aandike `uzito=` na si kuitupa tu kama hoja ya pili; kwa hoja za hiari ambazo ni safu napenda iwe hivyo, kwa sababu safu mbili zenye urefu mmoja zikibadilishana nafasi hakuna atakayegundua. Ukaguzi wa umbo nao usiuondoe ukidhani kwamba NumPy itakulinda. Katika funksheni isiyo na ule mstari wa kinga ya mita 6, uzito wenye elementi moja ungetandazwa juu ya vipimo vyote 25 bila neno, jumla yake ingekuwa uzito wa elementi moja tu, na wastani wako ungetoka mara 25 ya ulivyopaswa kuwa. Huo ulinganisho wa maumbo ndio mahali ambapo `!=` ni salama, kwa kuwa umbo la safu si safu bali ni kundi la kawaida la namba za Python, nalo hujibu kwa neno moja.

Ukitaka kuona kwamba hatuko peke yetu katika mtindo huu, fungua msimbo wa `np.average`, ambayo hufanya karibu kazi hii hii: hoja yake ya uzito ina None kichwani, na ndani yake inaulizwa kwa `is None`. Nayo pia hukataa uzito ambao jumla yake ni sifuri. Ungeweza kuitumia hiyo badala ya mstari wangu wa mwisho, ila naona ni vizuri uandike hesabu hii mara moja kwa mkono wako.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza lakini utalifikia. Zipo funksheni ambazo None yenyewe ni jibu lenye maana, si dalili ya kutoletwa kitu. Katika `np.sum`, kwa mfano, `axis=None` ina maana kamili, kwamba ujumlishe pande zote za safu. Tuseme utaandika funksheni ya kuziba saa zilizokosa vipimo, ambapo mtu akileta None anataka saa hizo ziondolewe, na asipoleta kitu unataka zizibwe kwa wastani wa siku. Hapo None haiwezi kubeba maana mbili, na unahitaji kitu kingine kisichoweza kuletwa na mtu kwa bahati:

    _HAIKULETWA = object()

    def ziba(kimo, mbadala=_HAIKULETWA):
        if mbadala is _HAIKULETWA:
            mbadala = np.nanmean(kimo)

Kila `object()` ni kitu kipya kisicho na mfano wake, na `is` inakitambua kama inavyoitambua None. NumPy ina kitu chake cha namna hiyo kwa hoja ambazo None isingetosha, ndiyo maana ukiuliza msaada wa `np.sum` utakuta baadhi ya hoja zimeandikiwa kwamba hazina thamani badala ya kuandikiwa None. Usikimbilie njia hii kabla hujaihitaji. Kwa uzito wako None inatosha, na msomaji wa Python anaielewa bila kuelezwa.

Kabla hujaipeleka funksheni kwenye data ya mwezi mzima, iite kwa mkono mara tano. Vimo 1.0, 2.0 na 3.0 bila uzito virudishe 2.0, na ukiandika `uzito=None` waziwazi virudishe 2.0 ile ile, kwa sababu siku moja funksheni nyingine itaipitisha None kwa niaba ya mtu asiyeleta kitu. Uzito wa 0, 0 na 1 ukiletwa kama safu ya NumPy urudishe 3.0. Safu tupu ikiletwa kuwa uzito, ikataliwe kwa ujumbe wa kutolingana. Na mwisho kipimo kimoja cha 1.5 chenye uzito wa sifuri kikataliwe kwa ujumbe kwamba hakuna kipimo chenye uzito, ukirudishiwa 1.5, tafuta `not` au `or` uliyoisahau mahali fulani.